Lori la zamani la volti 24 linakataa kuwaka asubuhi: betri, stata au nyaya?

SUKANI
Wakuu, salaam. Nina lori la zamani, injini ya dizeli yenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta yoyote, mfumo wa volti 24, betri mbili. Tatizo lilianza kidogo kidogo. Asubuhi nikipiga stata inazunguka kwa uzito, inajivuta, halafu inashika. Sasa imefika mahali nikipiga swichi nasikia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinazima, basi. Nikiazima moto kwa lori lingine inawaka, na ikishawaka hainisumbui kutwa nzima. Ikilala usiku mmoja mara nyingine inakubali. Ikilala siku mbili tatu, hapo hata usijaribu.

Mmoja kaniambia ninunue betri mbili mpya. Mwingine anasema stata imekwisha, ishushwe. Wa tatu anasema alternata. Kabla sijatoa hela naomba mnielekeze, naanzia wapi?

GIA YA TANO
Mkuu, ta-ta-ta ni betri hiyo. Badilisha zote mbili utaniambia.

NJIA PANDA
Mimi yangu ilisumbua hivyo hivyo ikaja kuwa stata. Ilipofunguliwa kaboni zake za kupitishia umeme zilikuwa zimeliwa zimebaki vipande. Shusha stata.

FUNDI WAYA
Sukani, karibu sana. Nakuomba usinunue kitu na usishushe kitu bado. Hayo uliyoandika yana dalili zaidi ya moja, na sioni zikielekea kwa mkosaji mmoja.

Tuanze na huo mlio, maana watu wengi wanausikia na kuuhukumu bila kujua unatoka wapi. Solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, ina koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Ukipiga swichi zote mbili zinavuta plunja (kile chuma kinachoteleza ndani yake), kontakti kubwa zinafunga, stata inaanza kula umeme kwa nguvu. Kama umeme ni dhaifu, hapo hapo volti zinaporomoka, koili ya kushikilia inashindwa kubana, plunja inarudi, kontakti zinaachia. Mzigo ukishatoka volti zinapanda tena, plunja inavutwa tena. Ndiyo ta-ta-ta yako. Maana yake ni kwamba volti hazihimili mzigo. Kama sababu ni betri iliyokufa, betri nzima isiyochajiwa, au klempu iliyolegea, mlio huo hausemi.

Ingekuwa "ka" moja nzito na taa zimebaki na mwanga wake, ningesema solenoidi imevuta lakini umeme haupiti kwenye kontakti zake au kwenye kaboni, kama ilivyokuwa kwa Njia Panda. "Ka" moja na taa zote zikafifia, stata imekwama au injini yenyewe imebana. Na kimya kabisa huku taa zinawaka vizuri, unaiacha stata kwanza unafuata swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo), swichi ya klachi au ya nyutro, na ule waya mwembamba unaoleta amri ya ufunguo kwenye terminali 50 ya stata.

Tafuta multimita. Lori likiwa limezimwa na kupumzika saa kadhaa, pima kila betri peke yake, kichwa chake hasi na kichwa chake chanya. Betri ya risasi na asidi iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Tuletee namba mbili, siyo moja.

Na kabla hujashika spana, vua pete na saa ya chuma. Betri inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inaanza kuwa ya hatari ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Cheche moja karibu na tundu la betri inatosha kukurushia asidi usoni. Ukifungua anza na waya wa asi, yaani ule unaotoka kichwa hasi kwenda chasi. Ukifunga, asi iwe ya mwisho. Sababu ni hii: asi ikiwa bado imefungwa, spana ikitoka kichwa chanya ikagusa chasi umepiga shoti betri nzima mkononi mwako.

SUKANI
Asante fundi. Nimepima. Betri ya upande wa kabini 12.7. Ile nyingine 12.0. Kwa jumla mita inasoma 24.7, ndiyo maana siku zote nilikuwa naambiwa betri ziko sawa.

FUNDI WAYA
Hiyo jumla ndiyo inayowadanganya wengi. Nijibu mawili. Hiyo ya 12.0 ndiyo ambayo hasi yake imefungwa kwenye chasi? Na je, kuna redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyochukua moto kwenye ile kebo fupi inayounganisha betri mbili?

SUKANI
Yote mawili ndiyo. Redio na chaja ya simu, waya mwekundu uko kwenye kebo hiyo. Nililikuta gari hivyo nilipolinunua.

FUNDI WAYA
Basi tumeupata mzizi wa kwanza. Betri zako zimepangwa kwa mfuatano, volti zinajumlika na umeme unaopita kwenye moja unapita kwenye nyingine. Redio yako inakula kwenye betri moja tu, ile ya chini, yaani ambayo hasi yake iko kwenye chasi. Alternata haijui kwamba kuna betri mbili, yenyewe inaona jumla. Inapeleka tuseme volti 28, na hizo hazigawanyiki kumi na nne kwa kumi na nne. Betri yenye njaa inabaki kwenye 13 na kidogo, haijai kamwe. Ile iliyojaa inasukumwa mpaka karibu 15, inachemka, maji yanapungua. Fungua vifuniko kama vyako vinafunguka uangalie: nina hakika ile ya 12.7 maji yake yako chini kuliko mwenzake. Kwa hiyo moja inakufa kwa njaa na nyingine inakufa kwa kulishwa kupita kiasi, gari moja, alternata moja.

Toa huo waya wa redio leo. Dawa yake ni kipunguza volti kinachochukua 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12. Kisha tenganisha betri, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12, taratibu, usiku kucha. Ongeza maji ya betri palipopungua, asidi usiongeze. Kama una haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri), betri iliyojaa inasoma kati ya 1.26 na 1.28 kila chumba. Chumba kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.05 au zaidi baada ya kuchaji, betri hiyo imekwenda.

GIA YA TANO
Si nilisema ni betri?

FUNDI WAYA
Ulisema ibadilishwe, Gia ya Tano, na hapo ndipo tunapotofautiana. Angefunga mbili mpya leo na waya wa redio ukabaki pale, ya chini ingekuwa imechoka baada ya miezi michache, naye angesema betri za siku hizi hazidumu. Siku ya kubadilisha ikifika kweli, atabadilisha zote mbili kwa pamoja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Mpya kando ya kuukuu zinarudi kwenye ugomvi ule ule wa mmoja kushiba na mwingine kulala njaa.

SUKANI
Waya wa redio nimeutoa. Maji ni kama ulivyosema, ya upande wa kabini sahani zilikuwa karibu kuonekana. Nimechaji, nimeziacha zipumzike kutwa: 12.7 na 12.6. Haidromita vyumba vyote vinakaribiana. Nimefunga, gari limewaka, lakini fundi, bado stata inazunguka kwa uzito. Ta-ta-ta imekwisha, uzito haujaisha.

NJIA PANDA
Ndiyo stata hiyo sasa.

FUNDI WAYA
Inaweza kuwa stata. Lakini kuishusha stata ya lori ni kazi, na kuna kipimo cha dakika tano kinachosema kama kosa liko ndani yake au njiani kabla umeme haujaifikia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naamini kipimo hiki kingeokoa stata nyingi zinazofunguliwa bure.

Weka gia nyutro, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye matairi. Vuta kebo ya kuzimia ili injini isishike. Mtu mmoja apige stata, wewe usome mita. Usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo, kisha iache stata ipoe dakika moja au mbili.

Pima wakati stata inazunguka, siyo kabla, siyo baada. Kwanza betri zote mbili kwa pamoja: ncha za mita ziguse risasi yenyewe ya kichwa cha betri, siyo klempu. Halafu pima kwenye stata: ncha moja kwenye boliti nene la terminali 30, inapoingia kebo kuu ya betri, nyingine kwenye bodi ya stata yenyewe, sehemu iliyokwanguliwa rangi.

SUKANI
Betri: 21.8. Stata: 16.9.

FUNDI WAYA
Umeona? Betri zinatoa 21.8, na kwa mfumo wa volti 24 chochote kisichoshuka chini ya 19 hivi wakati wa kupiga stata kinakubalika. Lakini stata inapokea 16.9. Karibu volti 5 zimepotea njiani. Stata haijafanya kosa lolote hapo, imenyimwa chakula.

Naomba wanaosoma waelewe kwa nini hili halionekani ukipima gari likiwa limetulia. Stata ya lori inavuta mamia ya ampea. Chukua ampea 300, zipitishe kwenye ukinzani wa omu 0.01 tu, yaani sehemu ya mia ya omu moja. Unapoteza volti 3. Ukinzani mdogo hivyo multimita ya kawaida haiuoni ukipima kwa mkao wa omu. Na ukipima volti tu bila mzigo, waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 24 kamili, kwa sababu mita haivuti umeme. Uzi mmoja unatosha kuilisha mita, hautoshi kuilisha stata. Ndiyo maana hata taa ya testa wakati mwingine ni mkweli kuliko mita ya kisasa: angalau inavuta mzigo.

Sasa tuigawe njia. Stata ikizunguka, pima kutoka kichwa chanya cha betri ya juu mpaka boliti la terminali 30. Ncha zote mbili ziko upande wa chanya, usishangae mita ikisoma kidogo, hicho kidogo ndicho kilichopotea. Halafu pima kutoka bodi ya stata mpaka kichwa hasi cha betri ya chini. Jumla ya mbili hizo ikaribie 4.9.

SUKANI
Chanya: 0.6. Hasi: 4.3. Jumla 4.9 kamili!

FUNDI WAYA
Hesabu imefunga. Umeme unafika vizuri kwenye stata, tatizo ni kurudi nyumbani. Watu wanapigania waya wa chanya kana kwamba umeme unakwenda tu, na asi wanaiona kama kipande cha waya cha kufungia popote. Kila ampea inayoingia kwenye stata lazima irudi betri kwa njia ya asi, na kwenye magari ya zamani hapo ndipo kutu, rangi na mafuta vinapokaa.

Gawanya tena. Kichwa hasi mpaka boliti ambako kebo inashika chasi. Kisha chasi mpaka chuma cha injini.

Na wakati unakwenda kupima nikuulize: kebo ya kuzimia injini, au ya akselereta, iliwahi kukaza, kupata joto, au plastiki yake kuyeyuka?

SUKANI
Fundi, umejuaje? Kebo ya kuzimia ilikakamaa, nikaikuta plastiki imeyeyuka ndani, nikaibadilisha nikidhani ni uzee.

Vipimo: kichwa hasi mpaka chasi 0.3. Chasi mpaka injini 4.0.

FUNDI WAYA
Nimejua kwa sababu umeme ukizibiwa njia kuu unatafuta vichochoro. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chasi vizuri. Kazi ya kuiunganisha ni ya ule mkanda wa asi uliosukwa kwa shaba kati ya injini, au gia boksi, na chasi. Mkanda ukila kutu, stata inarudisha umeme kupitia kebo ya akselereta, kebo ya kuzimia, hata mabomba ya chuma. Kebo nyembamba ikipitishiwa mamia ya ampea inageuka hita. Nimeona gari likibadilishwa kebo tena na tena bila mtu kuuliza joto linatoka wapi.

Ufungue mkanda huo. Ukikuta shaba imegeuka unga wa kijani ndani ya kishikio, usiukwangue, weka mpya, unene sawa na kebo kuu ya betri. Kwa lori kebo ya milimita za mraba 70 ni ya kawaida. Kwangua chasi na injini mpaka chuma king'ae, ondoa rangi kabisa mahali kishikio kinapokaa, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu yake kuzuia maji. Grisi baada ya kukaza, siyo kabla.

TANDIBOI
Samahani mkuu kuingilia. Kwetu taa za nyuma zinacheza: ukiwasha indiketa na taa ya breki inapepesa. Ni asi pia?

FUNDI WAYA
Karibu kila mara. Taa za nyuma zina asi moja, ikikatika umeme wa indiketa unarudi kupitia balbu ya breki. Vuta waya mmoja kutoka bodi ya taa mpaka chuma safi cha chasi ujaribu. Zikitulia, umepata.

SUKANI
Nimerudi. Mkanda ulikuwa umeoza, nilipouvuta ulikatika mkononi. Mpya umefungwa. Stata inazunguka kama sijawahi kuisikia tangu ninunue gari hili. Nimepima tena: stata 20.3. Lakini betri sasa zinashuka mpaka 21.2, zamani zilikuwa 21.8. Nimeharibu kitu?

FUNDI WAYA
Swali zuri, na limenifurahisha kwa sababu umepima bila kuambiwa. Hujaharibu kitu. Zamani asi mbovu ilikuwa inaibania stata, haikuweza kuvuta ampea zake. Sasa inavuta inavyotaka, mzigo kwenye betri umeongezeka, ndiyo maana betri zinashuka kidogo zaidi. Kilichobadilika ni pengo: lilikuwa karibu volti 5, sasa ni 0.9. Kwa njia nzima, kwenda na kurudi, kwenye volti 24, nikiona pengo la volti 1 au chini yake naondoka nimeridhika.

NJIA PANDA
Nakubali, stata nilikosea kuilaumu bila kipimo. Ila alternata apime pia. Njia rahisi: injini ikiwa inaunguruma chomoa kichwa cha betri, ikizima alternata mbovu.

FUNDI WAYA
Njia Panda, hapo nakuomba kwa dhati, na yeyote anayesoma: usifanye hivyo. Betri ndiyo inayotuliza volti za alternata. Ukiichomoa ghafla alternata ikiwa inachaji kwa nguvu, uga wa sumaku kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani yake, hauzimi papo hapo, na volti kwenye mfumo wa 24 zinaweza kuruka zaidi ya 100 kwa muda mfupi. Dayodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), regyuleta inayodhibiti chaji, redio, takografu inayorekodi mwendo, chochote chenye elektroniki kinaweza kufa. Na cheche unaipiga juu ya betri inayotoa gesi. Kipimo cha zamani kilitoka enzi za dainamo, alternata ni chombo kingine.

Mita inatosha. Injini kwenye mwendo wa wastani, pima betri zote mbili: mfumo wa 24 usome kati ya 27.5 na 28.8 hivi, wa 12 usome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, zisishuke sana. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, pima pale pale. Isome chini ya nusu volti, na alternata yenye afya inasoma chini zaidi ya hapo. AC nyingi maana yake dayodi zimechoka.

SUKANI
Wakuu, nilikuwa nimetulia nikadhani uzi umefungwa. Gari limelala siku tatu, leo asubuhi limewaka kwa shida. Betri kabla ya kuwasha: 12.3 na 12.3. Zinalingana, lakini zimeshuka zote. Nimepima chaji: 26.6, AC 1.4. Na kitu kingine ambacho sikukitaja mwanzo kwa sababu sikukiona kuwa cha maana: usiku nikiwa nimetoa ufunguo, taa ya chaji kwenye dashibodi inabaki na wekundu hafifu sana. Mchana haionekani.

FUNDI WAYA
Wekundu huo hafifu ni wa maana kuliko vipimo vyote viwili. Tufuate kwa utaratibu hata hivyo.

Azima mita ya klampu inayopima ampea za DC, ibane kwenye kebo ya hasi, kila kitu kimezimwa, milango imefungwa. Usiwashe gari. Kwenye gari la zamani lisilo na kompyuta uvujaji ukizidi mili-ampea 50 ninaanza kutafuta; saa na takografu ndivyo vyenye haki ya kula kidogo. Ukikuta nyingi, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Ikikataa kushuka hata fyuzi zote zikiwa nje, fuata vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri: stata na alternata. Fungua asi kwanza, toa kebo nene ya B+ ya alternata, ile inayopeleka chaji betri, ifunge vizuri kwa utepe isiguse chuma, rudisha asi, soma tena.

Na kabla ya hayo yote, gari likiwa limelala usiku, weka kiganja kwenye alternata asubuhi kabla hujaiwasha. Injini ikiwa baridi, nayo iwe baridi.

SUKANI
Alternata ina uvuguvugu, injini baridi kabisa. Uvujaji ampea 0.9. Fyuzi zote nje, 0.9 ile ile. Nimetoa B+: 0.03.

FUNDI WAYA
Dayodi ya upande wa chanya kwenye alternata inavuja. Umeme wa betri unarudi nyuma kupitia dayodi hiyo mpaka kwenye koili za alternata, kutoka hapo unapita dayodi ndogo za D+ (terminali ya taa ya chaji), unaingia regyuleta na rota, unaishia kwenye asi. Rota inakaa imewashwa usiku kucha, ndiyo joto ulilolishika. Na kwa kuwa D+ ina umeme huku upande wa ufunguo hauna, taa ya chaji inawaka kinyume, ndiyo ule wekundu. Dayodi hiyo hiyo ndiyo inayopunguza chaji yako na kuzidisha AC.

Piga hesabu uone kwa nini usiku mmoja ilikuwa inavumilika: ampea 0.9 kwa saa 12 ni kama ampea-saa 11. Kwa saa 72 ni ampea-saa 65, karibu nusu ya betri ya ampea-saa 150. Ukiongeza redio iliyokuwa inakula betri moja na asi iliyooza, gari lilikuwa na magonjwa matatu yakisaidiana, na kila aliyekushauri alikuwa anaona moja.

Alternata usiitupe. Bati la dayodi linabadilishwa, na ikiwa imefunguliwa aangalie kaboni na beringi pia. Mpaka itengenezwe, zima swichi kuu ya betri kila unapolaza gari, lakini injini izimwe kwanza, ndipo uzime swichi kuu.

PIKAPU
Fundi, nami naomba nafasi. Gari langu ni pikapu ya zamani ya volti 12. Nikipiga swichi, kimya. Taa zinang'aa, betri 12.6. Narudia swichi mara nyingi, ghafla inakamata na kuzunguka kwa nguvu kama hakuna kilichotokea. Injini ikiwa moto ndiyo mbaya zaidi. Jirani anaigongagonga stata na nyundo. Mwingine anaunganisha kwa bisibisi.

FUNDI WAYA
Ya bisibisi nianze nayo kwa sababu imeshaua watu. Ukiunganisha terminali kwenye stata ukiwa chini ya gari au mbele ya tairi, na gia imebaki ndani, gari linaruka na kukupitia. Dizeli ya zamani inaweza hata kushika na kuendelea. Usifanye bila kuhakikisha nyutro, breki na vigingi, na usifanye ukiwa umesimama palipo na njia ya tairi.

Yako ni njia ya terminali 50. Mtu ageuze ufunguo, wewe pima kutoka terminali 50 mpaka bodi ya stata wakati iko kimya. Leta namba, na ya betri wakati huo huo.

PIKAPU
Terminali 50: 7.9. Betri: 11.8.

FUNDI WAYA
Volti 3.9 zimebaki kwenye swichi ya ufunguo na waya wake. Koili za solenoidi zinavuta makumi ya ampea kwa ule muda mfupi wa kuvuta, na kwenye magari mengi ya zamani mzigo huo wote unapita kwenye kontakti ndogo ndani ya swichi ya ufunguo. Zinaungua taratibu. Injini ikiwa moto ukinzani wa koili na waya unapanda, ndiyo maana joto linazidisha. Nyundo inasaidia pale plunja inapokuwa imekaza kidogo, haigusi sababu.

Weka rilei ya ampea 40 au zaidi karibu na stata. Waya wa zamani wa terminali 50 uwe wa kuamsha rilei tu, mguu 86, na mguu 85 kwenye asi safi. Mguu 30 uchukue moto betri kwa waya mnene wenye fyuzi iliyowekwa karibu na betri, na mguu 87 uingie terminali 50. Swichi ya ufunguo itabaki inabeba chini ya nusu ampea.

SUKANI
Alternata imerudi na bati jipya la dayodi. Chaji 28.2, AC 0.08. Uvujaji usiku, ampea 0.03. Wekundu haupo tena. Limelala siku nne, betri zimesoma 12.6 na 12.6, limeshika mzunguko wa kwanza. Redio inakula kwenye kipunguza volti. Betri ni zile zile, stata ni ile ile. Fundi, Mungu akuzidishie.

PIKAPU
Rilei nimeweka kama ulivyoelekeza. Terminali 50 sasa inasoma 11.3 wakati wa kupiga, na haijakataa tena hata injini ikiwa moto. Swali la mwisho: fyuzi ya huo waya niweke ya ngapi?

FUNDI WAYA
Ya ampea 30 kwa kawaida inahimili, maana mvuto mkubwa ni wa sehemu ya sekunde. Hakikisha tu waya ni wa milimita za mraba 6 usipungue, na usipite karibu na bomba la eksozi.